Desturi Iliyo Ushahidi

Msomaji, hadithi ya upelelezi ina sharti moja: yakupasa ujue yanayowezekana na yasiyowezekana, ndipo uweze kushindana na mpelelezi katika kumtafuta mwuaji. Itakuwaje basi, hadithi hiyo ikiwekwa katika ulimwengu usiopata kuuona? Mwandishi akizusha chombo kipya katika sura ya mwisho ili kulifumbua fumbo, amekupunja.

Isaac Asimov wa Marekani alilikabili jambo hili katika The Caves of Steel (1954) na The Naked Sun (1957). Yeye huzifanya desturi za ugenini kuwa kanuni za mchezo, naye huzieleza mapema. Katika kitabu cha pili, sayari ya Solaria ina watu 20,000 tu, na kila mmoja ana roboti kama 10,000 za kumtumikia. Watu hao huonana kwa picha. Kuketi na mwenzao chumba kimoja huwachukiza mno. Kisha mtu mmoja anapondwa kichwa akafa. Roboti haziwezi kumdhuru mtu. Na mtu gani angestahimili kumkaribia? Desturi imekuwa kufuli ya mlango. Iondoe, na fumbo halipo tena.

Naye mpelelezi, Elijah Baley, ni mgeni kwetu vilevile. Atoka Dunia ya baadaye yenye watu bilioni 8, hesabu ambayo sisi tuliifikia kweli mwaka 2022, waliosongamana katika miji iliyofunikwa juu. Huko hula katika majiko ya umma, na mwanamume akiwa msalani hasemi wala hamtazami mwenziwe. Baley huogopa mbingu tupu kama Msolaria aogopavyo pumzi ya jirani. Basi tutamcheka nani? Kila woga una chanzo chake: huku msongamano, kule upweke.

Kasoro haikosi. Quemot, mtaalamu wa mambo ya jamii, amhutubia Baley kirefu kama mwalimu darasani, na hadithi yasimama. Lakini Quemot huyo ashindwa kuvumilia kuwa karibu na mgeni, akaondoka chumbani, akamalizia maneno yake kwa picha. Kuondoka kule kwatufundisha Solaria kuliko hotuba nzima.

Wahenga walisema, desturi ni sheria. Nawe ukitaka kuandika habari za watu wasio wa kwenu, usitosheke na kutaja mavazi na vyakula vyao. Uliza wanaona haya kwa jambo gani, na kwa sababu gani. Ukilijua hilo, hutawadharau, na msomaji wako atakusadiki.