Mji wa Unguja katika Maisha ya Tippu Tip

Kitabu cha maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aghalabu husomwa kama habari za safari za bara. Mimi naona ni hati ya mji wa Unguja kwanza, na shahidi wangu ni lugha yake. Heinrich Brode aliyachapa maandishi hayo mwaka 1902 na 1903. Wengi wetu twayajua kwa chapa ya W. H. Whiteley, iliyotolewa na Halmashauri ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958–59.

Atafutaye humo sifa za majumba na baraza za Shangani atatoka mikono mitupu. Mji wa Hamed ni mahali pa kukopa na kufanya hesabu. Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi, ndiye aliyemkopesha mali. Neno tajiri hapa si mtu mwenye fedha nyingi tu, kama litumikavyo leo. Ni mtoa mali, ambaye deni lake msafiri hulichukua shingoni hata Manyema. Hamed aliondoka mwaka 1870, akarudi 1882. Miaka kumi na miwili tajiri angoja pembe zipimwe kwa frasila! Sijui kitabu kingine cha Kiswahili kinachoonyesha wazi hivyo jinsi mji ule ulivyoishi kwa mkopo.

Lakini mji wa nani? Ng'ambo ya hori, penye nyumba za udongo na makuti, hapaonekani. Kimbunga cha 1872 na kufungwa kwa soko la watumwa mwaka 1873 vilimkuta mwandishi mbali, na hilo laweza kuwa udhuru. Kimya chake juu ya watumwa wa mjini hakina udhuru huo, kwani yeye mwenyewe alikuwa bwana wao.

Kadhalika neno bara. Ni neno la mtu aliyesimama pwani akitazama magharibi. Msomaji aliyeko Kilangali, katika Usagara, hawezi kulipokea bila kujiuliza, wala neno washenzi lifuatanalo nalo. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilikata tambarare ya Mkata, ikafuata Mto Mkondoa, ikapanda Mpwapwa. Wenyeji wa njia za namna hiyo huingia kitabuni wanapouza chakula au wanapozuia msafara, vinginevyo hawapo. Hayo ndiyo macho ya mji, na mwanahistoria akiyaazima bila kujua ataandika kwamba Unguja ilitawala mahali ambapo ilidai deni tu.

Tofauti hiyo ilionekana upesi. Mwaka 1884 Karl Peters alikusanya mikataba Usagara. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari akaipa hati ya ulinzi. Seyyid Barghash alipinga, lakini mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya mji, akakubali. Hamed asimulia kuwa alipoonana naye mwaka 1886, Seyyid alimwambia hana tena haja na bara, kwa kuwa Wazungu wataka hata Unguja yenyewe. Ni ukurasa bora kuliko vita vyote vya kitabu, na ni mazungumzo ya watu wawili wa mjini juu ya nchi ya watu wengine.

Chapa mpya ikitolewa, yafaa maneno tajiri, mali, bara na washenzi yapewe maelezo kila yanapobadilika maana, na majina ya vituo vya njiani yahakikishwe na wenyeji wa huko.