Tulamben: kuanza chini, kumaliza juu

Mchanga wa volkano ni makazi mabaya kwa matumbawe. Mawimbi huusogeza kila siku, na kiluwiluwi cha tumbawe hakioti bila kitu kigumu cha kushikilia. Tulamben, kaskazini mashariki mwa Bali, kitu hicho ni chuma.

Meli ya Marekani iitwayo Liberty ilipigwa torpedo na nyambizi ya Japani Januari 1942, ikavutwa hadi ufukweni hapo na kukwama. Mwaka 1963 Mlima Agung ulilipuka, na mitetemeko yake ikaisukuma meli baharini. Imelala ubavu karibu kabisa na ufuko: juu ni mita 5 hivi, chini karibu 30.

Mteremko huo ndio unaomrahisishia mzamiaji hesabu. Kwenye mita 30 shinikizo ni mara 4 ya lile la juu, kwa hiyo anayevuta lita 20 za hewa kwa dakika akiwa juu, huko atamaliza 80. Mtungi wa lita 11 uliojazwa hadi bari 200 una lita 2,200 hivi. Ukiweka akiba ya bari 50, zinabaki dakika 20 tu. Naitrojeni inayoingia mwilini nayo hairuhusu kukaa huko zaidi ya muda kama huo. Basi hushukwa kwanza hadi chini, kisha hupandwa polepole kuifuata meli, hewa ikidumu zaidi kila unapopanda. Dakika 3 za kusimama kwenye mita 5 kabla ya kuibuka, ili naitrojeni ipungue mwilini, ambazo kwingine ni za kuning'inia mahali patupu, hapa hupita ukitazama matumbawe na samaki.

Kuingia majini ndiko kugumu. Ufuko ni mawe meusi ya mviringo, yanateleza. Mapezi huvaliwa ukiwa umeshaingia majini. Mitungi hubebwa na akina mama wa kijiji, kichwani, bila kuyumba. Wageni ndio wanaoanguka.

Saa bora ni alfajiri. Pono wakubwa wenye nundu kichwani, wanaoweza kufikia urefu wa mita 1.3, hulala ndani ya meli, usingizi wa pono kwelikweli, na jua likichomoza huondoka. Atakayechelewa atawakuta wazamiaji wenzake.

Mwenye cheti cha kuishia mita 18 asiwafuate wenzake chini zaidi. Matumbawe mazuri ya meli hii yako juu ya kina hicho, kwenye mwanga.