Bahari, Kaya na Msomaji wa Kusini: Kuhusu The House of Rust

Katika riwaya ya Khadija Abdalla Bajaber, The House of Rust (2021), Aisha anaondoka Mombasa kwa chombo cha mifupa, akifuatana na paka msemaji, kumtafuta babake mvuvi aliyepotelea baharini. Ni rahisi kuiita kazi hii uhalisiamazingaombwe. Istilahi hiyo inafaa, ila haitoshi. Msomaji wa Diani amekulia baina ya msikiti na Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kwake, swala na hofu ya visivyoonekana hukaa pamoja bila ya kustaajabisha. Kwa hivyo, suala la kihakiki si iwapo paka aweza kusema, bali Aisha ataufanyia nini ujasiri wake akisharejea nchi kavu, ambako nyanyake anamtakia ndoa. Sehemu hii ya pili ina mwendo wa pole, lakini ndiyo kiini cha riwaya.

Kazi imeandikwa kwa Kiingereza. Paradise ya Abdulrazak Gurnah (1994) ilingoja miaka 28 ndipo ikawa Peponi (2022). Bahari ya Bajaber isicheleweshwe vivyo hivyo kuwafikia wavuvi wa Msambweni kwa Kiswahili.