Wenzi wa Mwindo: Ushirikiano wa Wahusika katika Utendi wa Wanyanga

Utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na fanani Candi Rureke huko Walikale mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, aghalabu husomwa kama sifa za shujaa mmoja. Usomaji huo hautoshi.

Shemwindo anapomfungia mwanawe ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, anayeipasua ngoma hiyo ni shangazi yake, Iyangura. Wajomba zake, popo, wanamfua upya kwa chuma. Radi Nkuba ndiye anayekiteketeza kijiji cha Tubondo. Hakuna kati yao aliye mtumishi wa shujaa: kila mmoja ana nasaba, ahadi na mipaka yake. Ndiyo maana Mwindo anapomuua Kirimu, rafiki wa Nkuba, msaidizi yuleyule anampandisha mbinguni na kumwadhibu mpaka anyenyekee.

Mbinu hii yawafaa hata wacheza michezo ya uigizaji ya mezani, ambamo kila mchezaji hubuni mhusika wake: mhusika asiyemhitaji mwenzake huuvunja mchezo. Ushirikiano hauletwi na upole wa tabia, bali na sababu ya kutenda ambayo haiwezi kutimia bila wengine.

Katika Masisi na Walikale, zilizokumbwa na mapigano ya mwaka 1993, suala hili si la fani pekee. Kijana anayefundishwa ushindi wa Mwindo bila adhabu yake amefundishwa nusu ya utendi, tena nusu iliyo hatari.