Mlinganyo Unapofika Ugenini

Kati ya kazi zote za barabara, ninayoistahi zaidi ni ile ambayo msafiri haioni: kurekebisha milinganyo ya usanifu wa lami mpaka ikubaliane na barabara za eneo husika.

Milinganyo hiyo ina kwao. Kuanzia 1958 hadi 1960, karibu na Ottawa, Illinois, nchini Marekani, malori yalizungushwa kwenye barabara za majaribio mpaka ekseli zikapita zaidi ya mara milioni moja. Huko ndiko ilikotoka kanuni kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito: mzigo wa ekseli ukiongezeka maradufu, madhara huwa kama mara 16. Mizani za kupimia malori za Mariakani, Kenya, na Vigwaza, Tanzania, zina haki ya kuwepo kwa hesabu hiyo. Lakini majaribio yalifanyika juu ya udongo wa aina moja, katika nchi ya barafu. Udongo mweusi wa nyanda za Athi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, haukuwemo.

Ndiyo maana nauthamini sana utafiti wa Kenya wa miaka ya 1970, ulioshirikisha Benki ya Dunia na maabara ya barabara ya Uingereza. Watu walizipima barabara zenyewe, chini ya malori yaliyokuwa kazini, na matokeo yakachangia kuzaliwa kwa HDM, modeli ya kukadiria uchakavu na gharama za barabara. Hata hiyo, anayeitumia leo hutakiwa kuirekebisha kwanza kwa nchi yake.

Ustadi uko wapi? Si katika kubadilisha kizidishi cha mlinganyo hadi namba zilingane na vipimo. Kompyuta hufanya hivyo upesi. Chukua nyufa. Modeli nyingi huhesabu kwamba ufa huanzia chini ya lami, inakovutwa gurudumu linapopita, kisha hupanda. Katika jua letu, bitumeni ya juu hukauka na kuwa ngumu, na ufa unaweza kuanzia juu ukashuka. Ukitazama kwa macho barabarani, zote mbili ni nyufa. Mhandisi makini hukata mcheduara wa lami palepale penye ufa, akaugeuza mkononi, akaona ufa ulikoanzia. Lami ikititia kwenye njia ya magurudumu, hachoki kuchimba mtaro kuvuka barabara ili ajue tabaka lipi limekubali kushuka. Asipofanya hivyo, namba italingana na barabara hii kwa sababu isiyo ya kweli, na barabara itakayosanifiwa kwayo itajengwa juu ya kosa hilo.

Kisha huja uaminifu: vipande vingine vya barabara huwekwa kando, modeli isivijue, ndipo ijaribiwe navyo.

Yote hayo yanahitaji kumbukumbu za miaka mingi. Marekani ilianza mwaka 1987 kufuatilia vipande vya barabara kwa mpango wa miaka 20. Ningependa kila mkoa wetu uwe na vipande vyake, unene wa kila tabaka ukiwa umeandikwa siku ya ujenzi, magari yakihesabiwa, na faili likikabidhiwa kila mhandisi anapohamishwa.