Mashine ya Pwani Ikipanda Ziwani

Mashine ya boti ikiwashwa ndani ya pipa la maji pale Gerezani, karibu kila mtu huridhika. Imewaka kwa mvuto wa kwanza wa kamba, silensa imetulia, fundi kapiga resi mara mbili tatu na maji ya kupozea yanaruka vizuri. Mnunuzi aliyetoka Ukerewe au Ujiji analipa, mashine inafungwa na kupelekwa kwenye basi. Lakini alichokithibitisha ni kimoja tu: kwamba inawaka Dar es Salaam, mita chache juu ya bahari, bila mzigo wowote. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Tanganyika ni mita 773. Naivasha, kwa wanaovuka mpaka, inakaribia 1,900. Huko hewa ni nyepesi, na huko ndiko kazi ya fundi inakoonekana.

Kabla ya kumhukumu, jua anapambana na nini. Ziwa Victoria hewa imepungua uzito kwa takriban asilimia 10 ukilinganisha na pwani. Mashine ya kabureta huvuta ujazo uleule wa hewa, ila oksijeni iliyomo ni pungufu. Petroli nayo hupungua, lakini si kwa kiwango kilekile, kwa hiyo mchanganyiko unaishia kuzidi petroli kwa asilimia 5 hivi. Hesabu hii ndogo ndiyo ninayompimia fundi. Anayesema hewa imepungua kumi, basi na petroli tupunguze kumi, ataiunguza mashine mpaka inoki. Anayesema tushuke saizi moja ya jeti, tupime, ndipo tuone kama kuna haja ya ya pili, huyo ameshafanya kazi na watu wa maziwa.

Fundi wa aina hiyo utamjua tangu swali lake la kwanza. Anataka kujua mashine inakwenda ziwa gani, mtumbwi una urefu gani, na utabeba dagaa, abiria au magunia.

Jeti yenyewe, inayopitisha petroli ndani ya kabureta, ni kipande cha shaba ya njano kisichozidi punje ya mahindi, chenye namba iliyogongwa juu yake. Namba ikishuka, tundu limekuwa dogo. Omba uishike. Iinue kwenye mwanga wa mlangoni uchungulie. Jeti ya kiwandani ina tundu la duara kamili, kuta zake zinang'aa na ukingo ni safi. Iliyowahi kuchokonolewa kwa waya ina mikwaruzo, na tundu limepoteza uduara. Namba yake haikuambii kitu tena, hata kama imetoka kwenye pakiti inayopendeza. Ukiona alama ya lehemu, yaani imezibwa kisha ikatobolewa upya, irudishe mezani bila mjadala. Nasisitiza hili kwa sababu jeti ni miongoni mwa spea ndogo kabisa kwenye mashine, na watu huona aibu kuikagua.

Kuna pia skrubu ya kurekebisha mchanganyiko wa silensa. Kwenye kabureta nyingine inatawala hewa, kwenye nyingine petroli, na kuifungua kuna matokeo yaliyo kinyume. Fundi anayejua atakuambia ni ya aina gani kabla hajaigusa kwa bisibisi. Asiyejua ataizungusha akisikiliza mlio, nawe utaondoka na silensa iliyorekebishwa kwa hewa ya Gerezani.

Akikushauri upunguze oili kwa sababu mashine za stroki mbili hutoa moshi kule ziwani, ondoka. Moshi uliozidi baada ya kupanda unatokana na petroli isiyoungua. Kipimo cha oili kinabaki kile cha kitabu cha mashine, iwe Mafia au Musoma.

Tukija kwenye propela, hapa ndipo wengi wanapoteza fedha bila kujua. Jeti huondoa petroli iliyozidi, hairudishi oksijeni. Mashine ya HP 40 ikifika Mwanza ni kama ya 36, na hakuna fundi atakayekurudishia hizo nne. Ukiiacha na propela ya pwani italemewa: inanguruma, inakunywa, mtumbwi hauondoki. Mashine nyingi za namna hii zinatakiwa zifikie kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika zikiwa resi yote. Kwenye propela kuna namba mbili za inchi. Ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini. Namba hii ya pili ikishushwa kwa inchi moja, mashine hupata mizunguko 150 hadi 200 zaidi. Kipima mizunguko kile kidogo cha kuzungushia waya wa plagi kinatosha kukuonyesha, mradi mtumbwi uwe na mzigo wake wa kila siku. Kupima mtumbwi mtupu ni kujidanganya.

Hukumu ya mwisho inatolewa na plagi. Funga mpya, peleka mtumbwi wenye mzigo kwa resi yote dakika chache, zima ukiwa hapohapo kwenye resi bila kushusha, kisha ifungue. Kahawia hafifu ni kazi nzuri. Nyeusi yenye unyevunyevu, petroli bado imezidi. Nyeupe, hasa yenye chembe ndogo zinazometa, ni pistoni imeanza kuyeyuka. Usiwashe tena mpaka jeti kubwa irudi.

Mashine mpya za stroki nne zenye mfumo wa sindano za petroli hupima shinikizo la hewa na kujirekebisha zenyewe. Hizo hazihitaji jeti, lakini nguvu zinapotea vilevile, kwa hiyo suala la propela liko palepale.

Kwa mtumba, neno moja la haki kwa muuzaji: kompresheni ikipimwa Mwanza itasoma chini kuliko ilivyosomwa Dar, kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, hata kama mashine ni nzima. Linganisha silinda na silinda.

Na fundi wa kweli hukukabidhi jeti za zamani ndani ya kipakiti, zimeandikwa namba na ni za silinda ipi. Zitunze pamoja na kitabu. Mashine iliyopunguziwa petroli kwa ajili ya Bukoba ikishushwa Kilwa na jeti hizohizo itafanya kazi kwa furaha safari ya kwanza, nyepesi na kali, huku pistoni ikizidi kupata joto kila maili. Anayenunua mashine iliyotoka ziwani afungue kabureta asome namba kabla ya kuitia baharini.