Kuunganisha modi za Skyrim: nafasi hutoka wapi?

Mtu aliyejaza mchezo wa Skyrim modi, yaani nyongeza za wachezaji, kwa miaka, hadi diski ikaisha na mchezo ukaanza kuganda, hupewa ushauri uleule: unganisha modi zako. Ushauri huo una ukweli wake, ila umebebeshwa kazi isiyo yake. Kuunganisha kulibuniwa kuokoa namba ambazo mchezo huzipa modi, na namba si gigabaiti. Anayebonyeza kitufe cha kuunganisha akitarajia diski ipumue mara nyingi hubaki na nafasi ndogo kuliko aliyoanza nayo. Upungufu wa namba, upungufu wa diski na upungufu wa memori ni matatizo matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu mengine.

Kila kitu katika mchezo huu, kiwe upanga, mlango au mwanakijiji, kina kitambulisho cha tarakimu nane, zinazohesabiwa kuanzia 0 hadi 9 kisha A hadi F. Mbili za mwanzo hutaja plagini iliyokileta, yaani ile faili inayobeba rekodi za modi. Tarakimu mbili za namna hiyo hutoa nafasi 256 tu, na ya mwisho, FF, mchezo umeihifadhi kwa vitu vinavyozaliwa wakati wa kucheza. Katika toleo la 2011 ukuta ulikuwa hapo. Ukiunganisha plagini 30 kuwa moja, umerudishiwa nafasi 29, na hiyo ndiyo faida yenyewe. Toleo la Special Edition lilipotoka Oktoba 2016, na plagini nyepesi zikafuata mwaka 2017, hata faida hiyo ilipungua: plagini nyepesi zote hukaa chini ya FE na kutofautishwa na tarakimu tatu zinazofuata, kwa hiyo zinaingia hadi 4,096. Sharti lilikuwa kwamba rekodi mpya za kila moja zisizidi 2,048, kiwango kilichopandishwa hadi 4,096 Desemba 2023. Modi nyingi ndogo zinazounganishwa leo zingetosha kugeuzwa kuwa nyepesi tu.

Sasa tuupime uzito. Plagini ya vazi moja inaweza kuwa kilobaiti kadhaa. Kinachokula diski ni tekscha, zile picha zinazovalishwa juu ya maumbo. Tekscha ya pikseli 4096 kwa 4096 ina pikseli zaidi ya milioni 16. Isipobanwa, kila pikseli huchukua baiti nne, jumla megabaiti 64. Ikibanwa kwa mbinu ya BC7 kila pikseli hubaki na baiti moja, megabaiti 16, na ukijumlisha matoleo madogo ya picha hiyohiyo yaliyomo ndani ya faili unafika kama 21.3. Wapo wanaosema faili nyingi ndogo hupoteza nafasi kwa sababu Windows hugawa diski kwa vipande vya kilobaiti 4, na kipande cha mwisho cha kila faili hakijai. Ni kweli, lakini hasara hiyo kwa wastani ni kama kilobaiti 2 kwa faili. Plagini 200 zinapoteza kilobaiti 400, yaani kama sehemu moja ya hamsini ya tekscha moja.

Kuna jambo zito zaidi ambalo halisemwi vya kutosha: kuunganisha kunaweza kuongeza mzigo. Sauti za wahusika na nyuso zao huhifadhiwa katika folda zenye jina la plagini, na majina ya faili zake hubeba kitambulisho cha mhusika au cha mazungumzo. Plagini ikiunganishwa, jina hubadilika na vitambulisho vinaweza kubadilika pia, hivyo zana ya kuunganisha hulazimika kunakili sauti na nyuso zote kwa majina mapya. Zile za zamani haziondoki zenyewe. Modi ya mwandani anayesema sentensi elfu mbili itakuwa na sauti elfu nne kwenye diski, nusu yake zikiwa hazina anayezisikiliza.

Diski hukombolewa kwingine. Modi tatu zikileta tekscha za kuta za mji wa Whiterun, mchezo utaonyesha moja tu, ile iliyopewa kipaumbele. Mod Organizer 2, programu ya kupanga modi, huweka kila modi katika folda yake na kuuonyesha mchezo picha ya pamoja, kwa hiyo zile mbili zilizoshindwa hubaki zimelala kimya. Faili 100 za megabaiti 21.3, kila moja ikiwa na nakala mbili zilizoshindwa, ni zaidi ya gigabaiti 4 zisizoonekana popote ndani ya mchezo. Hizo ndizo za kufuta kwanza. Ila tusidanganyane: kwa kuwa haziingii kwenye memori, kuzifuta hakutaufanya mchezo uwe mwepesi hata kidogo. Anayetumia Vortex, programu nyingine ya kupanga modi, ana mtego mwingine. Kwa kawaida programu hiyo hainakili faili, bali huzipa baiti zilezile, zilizo katika folda yake, jina la pili ndani ya folda ya mchezo. Windows ikijumlisha folda hizo mbili huzihesabu mara mbili, na mtu akifuta jina moja hapati hata baiti, mpaka jina la mwisho liondoke.

Memori nayo ina hesabu yake. Skyrim ya 2011 ilikuwa programu ya biti 32, isiyoweza kuvuka gigabaiti 4 hata baada ya sasisho la Desemba mwaka huo. Special Edition iliondoa dari hiyo, lakini kadi ya michoro bado ina yake: tekscha 192 za ule ukubwa wetu zinatosha kuijaza kadi ya gigabaiti 4. Hapa wengi huchanganya aina mbili za kubana. Kufungasha modi katika faili ya BSA hupunguza nafasi ya diski tu, kwa sababu mzigo hufunguliwa ukipakiwa. Ubanaji wa BC7 hudumu hadi ndani ya kadi, na ndio unaopunguza memori. Kupunguza vipimo hufanya kazi kubwa zaidi, kwani kutoka 4096 hadi 2048 robo tatu ya uzito huondoka, kwenye diski na kwenye memori kwa pamoja.

Pingamizi la kweli ni kwamba mchezo utachakaa machoni. Tuangalie skrini yenyewe: pikseli 1920 kwa 1080 ni kama milioni 2. Kikombe mezani chenye tekscha ya 4096 kimebeba pikseli mara nane ya skrini nzima, na hakiwezi kuzionyesha. Milima na ardhi ni kesi tofauti, kwani picha moja hutandazwa eneo kubwa, hizo ziachwe. Tena, kupunguza kukifanywa vizuri hakuhitaji kubana upya. Toleo la 2048 limo tayari ndani ya faili, inatosha kulikata la juu na yaliyobaki hayaguswi. Kinachoharibu picha ni kufungua kilichobanwa na kukibana tena, mara ya pili na ya tatu.

Kwa hiyo mpangilio una maana: futa tekscha zilizoshindwa, punguza vipimo, fungasha, kisha uunganishe kilichobaki kama namba bado hazitoshi. Uunganishaji wenyewe unataka memori, kwa hiyo xEdit, programu ya kuhariri plagini, ifunguliwe katika toleo la biti 64, ikiwa na plagini zinazounganishwa na zile ambazo hizo huzitegemea tu. Ufanyike kabla ya kuanza mchezo mpya, kwa kuwa mchezo uliohifadhiwa unakumbuka vitambulisho vya zamani. Zipu za awali za modi zihamishiwe diski ya nje, hasa kwa anayepakua kwa bando. Na folda za zamani za sauti na nyuso zisifutwe siku hiyohiyo. Zizimwe kwanza, ufunguliwe mchezo, mwandani aongeleshwe. Sauti yake ikisikika na uso wake usipokuwa mweusi, nakala zimefika zilikotakiwa.